Kuhesabu Siku za Ugenini: Somo la Viza na Masharti ya Kuingia Nchi za Schengen

Makala ya mwanachama wa Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Wanachama wengi wa chama chetu huandika juu ya ngeli, methali na ushairi. Mimi nimeonelea niandike juu ya jambo linalozungumzwa sana mitaani lakini halifundishwi darasani. Jambo lenyewe ni viza. Katika mtaa wetu karibu kila boma lina mtu aliye ng'ambo, au majuu kama tunavyosema sisi vijana. Kila mtu anazo habari za fulani aliyenyimwa viza na fulani aliyerudishwa kutoka uwanja wa ndege. Lakini ukiuliza sheria yenyewe inasemaje, utaambiwa, "Ah, hiyo ni bahati tu." La hasha! Ni kanuni zilizoandikwa, na mtu anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kuzifuata.

Nimejifunza kanuni hizi kwa sababu ya haja ya nyumbani. Mama mdogo ni muuguzi huko Ujerumani, naye anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Mei. Anataka nyanya aende akae naye miezi sita, kwani kwetu mzazi haachwi peke yake na mtoto mchanga. Nyanya hasomi Kiingereza wala Kijerumani, basi karatasi zote zikawekwa mbele yangu, nami nikawa nazisoma na kuwaeleza wazee kwa Kiswahili. Hayo niliyoyasoma ndiyo ninayowaletea hapa.

1. MANENO TUNAYOPASWA KUTOFAUTISHA

Kwa kuwa hili ni gazeti la Kiswahili, tuanze na maneno.

Pasipoti ni hati ambayo nchi YAKO inakupa, ikishuhudia kuwa wewe ni raia wake. Viza ni idhini ambayo nchi YA WATU inakupa, aghalabu kwa kubandika karatasi maalum ndani ya pasipoti hiyo. Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichoonwa, yaani hati imeonwa na kukaguliwa. Maana hii ya asili inatufaa. Viza inasema kwamba karatasi zako zimekaguliwa. Haisemi kwamba mlango tayari umefunguliwa, na jambo hili nitalirudia chini.

Uhamiaji na forodha pia huchanganywa. Afisa wa uhamiaji humkagua mtu, na afisa wa forodha hukagua mizigo. Neno forodha lilitujia kutoka Kiarabu kwa njia ya bandari, na mpaka leo Zanzibar kuna mahali panapoitwa Forodhani. Kwa hiyo, atakayekuuliza, "Utakaa siku ngapi?" ni wa uhamiaji, na atakayekuambia, "Fungua sanduku," ni wa forodha.

2. SCHENGEN NI NINI?

Schengen ni jina la kijiji kidogo cha Luxembourg, kando ya mto Moselle. Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano zilitia sahihi mkataba hapo wa kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo baina yao. Nchi hizo ni Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Luxembourg na Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mkataba ulianza kutekelezwa Machi 1995. Nchi nyingine zikajiunga polepole, na tangu Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipokamilisha kujiunga, idadi imekuwa 29.

Angalieni, Schengen si sawa na Umoja wa Ulaya. Uswisi na Norway zimo katika Schengen lakini hazimo katika Umoja. Ireland imo katika Umoja lakini haimo katika Schengen. Nayo Uingereza haimo katika chochote kati ya hivyo viwili, na ina viza yake yenyewe. Ukipata viza ya Schengen ukafikiri utapita London kumsalimu binamu, utakwama.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuelewa mpango huu kwa mfano wa nyumbani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya yetu ilianza kazi Julai 2010, na tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho tu. Mtu wa Busia anaijua faida yake vizuri kuliko mimi. Ila tofauti ipo: sisi bado tunasimama mpakani tukaguliwe, lakini kwa kawaida ndani ya Schengen gari la moshi huvuka kutoka nchi hata nchi bila kusimama kwa ukaguzi. Ndiyo maana nchi hizo 29 zinahesabu siku zako kwa pamoja, kama kwamba ni nyumba moja yenye vyumba 29.

3. KANUNI KUU: SIKU 90 KATIKA SIKU 180

Hapa ndipo watu wengi huteleza, basi tusome pole pole.

Viza ya matembezi ya Schengen humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Neno la kupigiwa mstari ni "chochote". Hakihesabiwi kuanzia Januari hadi Juni, wala kuanzia siku ulipopewa viza. Kila siku unayokuwa huko, unatazama nyuma siku 180, ukiihesabu na siku yenyewe, kisha unajiuliza, "Katika siku hizo 180, nimekaa humu siku ngapi?" Jibu likizidi 90, umevunja sheria. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka pia inahesabiwa.

Mfano wa kwanza. Nyanya akiingia Ujerumani tarehe 10 Mei:

Mei (tarehe 10 hadi 31): siku 22
Juni: siku 30, jumla 52
Julai: siku 31, jumla 83
Agosti (tarehe 1 hadi 7): siku 7, jumla 90

Kwa hiyo siku yake ya mwisho ni 7 Agosti. Sasa tazameni hatari ya kusema "miezi mitatu". Nyumbani tulikuwa tunasema hivyo, na kwa hesabu ya miezi nyanya angerudi 10 Agosti. Kutoka 10 Mei hadi 10 Agosti ni siku 93! Hizo tatu za ziada zingemfanya aonekane mvunja sheria, naye hajui lolote. Sheria haikutaja miezi, imetaja siku.

Je, anaweza kurudi lini? Akikaa nje ya Schengen siku 90 mfululizo, yaani kutoka 8 Agosti hadi 5 Novemba, basi kuanzia 6 Novemba anaweza kuanza siku 90 nyingine, mradi awe na viza inayomruhusu.

Mfano wa pili. Mtu alikaa Ufaransa kutoka 1 hadi 30 Aprili, siku 30. Akarudi nyumbani. Tarehe 1 Juni akaingia Italia. Wengine watasema, "Italia ni nchi nyingine, anaanza upya." Sivyo. Zile siku 30 za Ufaransa zinamfuata, na amebakiwa na 60. Juni ina siku 30, na Julai anatumia 30. Siku yake ya mwisho ni 30 Julai.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa mitaani, ati mtu akikaribia siku 90 atoke nje ya Schengen siku moja, alale huko, arudi na kuanza hesabu mpya. Hadithi hii ni ya uongo. Akitazama nyuma siku 180, zile 90 bado zipo palepale zinamngoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa viza ya matembezi methali hii inageuzwa: mgeni anapewa siku 90, na jembe haruhusiwi kulishika hata siku moja, kwani viza hiyo si ya kufanya kazi ya mshahara.

4. KUISOMA VIZA YENYEWE

Karatasi ya viza ina mambo matatu ambayo ni lazima uyatofautishe.

(a) Muda wa uhalali, yaani kutoka tarehe fulani hadi tarehe fulani. Huo ni mlango: unaonyesha umefunguliwa lini na utafungwa lini.

(b) Siku za kukaa. Hii ni idadi ya siku unazoruhusiwa kuwa ndani.

(c) Mara za kuingia. Kama imeandikwa 01, ukitoka umetoka, hata kama siku zako hazijaisha. Ikiwa 02, waweza kuingia mara mbili. Ikiwa MULT, mara nyingi.

Muda wa uhalali mara nyingi huwa mrefu kuliko siku za kukaa, ili msafiri asibanwe ndege ikiahirishwa. Kwa mfano, mtu hupewa siku 30 za kukaa ndani ya uhalali wa siku 45. Akiona uhalali wa siku 45 akadhani ndizo siku zake, amekwisha. Kanuni ni hii: kinachokwisha kwanza ndicho kinachokutoa.

Herufi pia ina maana. Viza C ni ya muda mfupi, na ndiyo ninayoizungumzia. Viza D ni ya zaidi ya siku 90, nayo hutolewa kwa sheria ya nchi moja moja, aghalabu kwa masomo, kazi au kuungana na mume, mke au watoto.

Hapa niwaambie jambo lililotupata. Mtu mmoja anayejiita wakala alimwambia nyanya kwamba atampatia viza ya matembezi ya miezi sita, bora alipe nusu ya malipo mapema. Nyanya alikuwa tayari kumuuza mtamba wake. Jioni moja tulikaa tukasoma kifungu cha siku 90 sauti ikisikika, kisha baba akampigia mtu huyo simu na kumuuliza swali moja tu: "Hiyo viza yako ya miezi sita ni C au ni D?" Alinyamaza kidogo, akasema tutaongea kesho. Kesho hiyo haijafika, na mtamba bado yuko zizini. Wenzangu, elimu ya herufi mbili imeokoa ng'ombe.

5. STAKABADHI ZINAZOTAKIWA

Pasipoti. Iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa zisizopungua 2 zilizo tupu, na iendelee kutumika angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kutoka Schengen. Nyanya akitoka 7 Agosti, pasipoti yake isiishe kabla ya 7 Novemba.

Mahali pa kuomba. Unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Usiombe kwa nchi fulani kwa kuwa umesikia ati wao ni wapole.

Wakati wa kuomba. Si mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa katika siku 15, lakini waweza kuchukua hadi siku 45. Haraka haraka haina baraka, na kuchelewa pia hakuna.

Ada. Tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto aliye chini ya miaka 6 halipi. Mimi mwenye miaka 16 ningehesabiwa kama mtu mzima. Ukinyimwa viza, ada hairudishwi.

Bima ya safari. Igharimie matibabu ya dharura, na hata kurudishwa nyumbani mgonjwa au maiti, kwa kiasi kisichopungua yuro 30,000, katika nchi zote za Schengen.

Alama za vidole. Mwombaji hufika mwenyewe na kuchukuliwa vidole vyote kumi. Watoto walio chini ya miaka 12 wamesamehewa. Alama hizo zaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59.

Uwezo wa kujikimu. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, walisema wahenga, nao maafisa wanaijua methali hii bila kufundishwa. Wanataka kuona taarifa za benki, au mtu wa kukudhamini. Huko Ujerumani mwenyeji anaweza kutia sahihi hati ya udhamini katika ofisi ya wageni ya mji wake, akiahidi kulipa gharama zako zote. Mama mdogo amefanya hivyo, na ahadi hiyo si maneno matupu, kwani yaweza kudaiwa kisheria.

Ushahidi wa kurudi. Hili ndilo huwaangusha wengi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini afisa hakujui, basi umwonyeshe hiyo ngama yako iko wapi. Yaweza kuwa barua ya mwajiri, leseni ya biashara, hati ya shamba, au vyeti vya watoto unaowaacha. Nyanya alicheka sana aliposikia kwamba anatakiwa kuthibitisha kuwa atarudi. Alisema, "Nani atakamua ng'ombe?" Jibu zuri, ila ni lazima liwe na karatasi.

Watoto. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji cheti cha kuzaliwa. Akisafiri na mzazi mmoja tu, au na mtu mwingine, huhitaji idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi anayebaki.

6. VIZA HAIFUNGUI MLANGO PEKE YAKE

Nilisema nitalirudia jambo hili. Hata ukiwa na viza, afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi, utakaa kwa nani, una pesa kiasi gani na utarudi lini. Kwa hivyo, zile stakabadhi ulizopeleka ubalozini usizitie kwenye sanduku kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Beba nakala mkononi. Nyanya tumemwandalia karatasi moja yenye anwani na nambari ya simu ya mama mdogo, na majibu mafupi kwa Kijerumani.

Zamani siku zilihesabiwa kwa kutazama mihuri iliyogongwa katika pasipoti. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kompyuta unaoandika kuingia na kutoka kwa mgeni pamoja na picha ya uso na alama za vidole, na mfumo huo ukapangiwa kuenea mipaka yote kufikia 10 Aprili 2026. Muhuri uliweza kufifia, afisa akasahau. Kompyuta haisahau. Anayezidisha siku huweza kutozwa faini, kufukuzwa, au kupigwa marufuku kuingia kwa miaka kadhaa.

Je, mtu akiugua sana au safari za ndege zikisimama? Sheria ina huruma pia. Muda waweza kuongezwa bila malipo kwa sababu zisizozuilika au za kibinadamu, na kwa yuro 30 kwa sababu nzito za kibinafsi. Lakini aombe kabla siku hazijaisha.

Na akinyimwa viza? Ni lazima apewe sababu kwa maandishi, naye ana haki ya kukata rufaa kwa kufuata sheria ya nchi iliyomnyima. Asome sababu hiyo kwanza. Kuomba tena na karatasi zilezile ni kutwanga maji kwenye kinu.

7. FAMILIA INAWEZA KUFANYAJE?

Basi miezi sita ya mama mdogo itapatikana vipi? Tuliketi na kalenda tukagundua kwamba sheria inahesabu siku za mtu, haihesabu siku za ukoo. Nyanya ana 90 zake, na mama ana 90 zake. Nyanya ataingia 10 Mei na kutoka kabla ya 7 Agosti. Mama ataingia siku chache kabla nyanya hajaondoka, ili wakabidhiane mtoto, pamoja na dada yangu wa miaka minne asiyelipa ada. Baba ameshaandika barua ya idhini. Mimi nitabaki, maana Kidato cha Tatu hakingoji mtu.

Kwa mpango huo mtoto atalelewa na watu wake karibu miezi sita, na hakuna atakayevunja sheria hata siku moja. Ninapoandika makala haya maombi yako ubalozini, na majibu hayajatoka. Sisi tumetimiza yaliyo juu yetu. Uamuzi ni wao.

HITIMISHO NA MAZOEZI

Wanafunzi wenzangu, wazazi wetu wengi wanategemea macho yetu kusoma karatasi za watu. Tusione haya kuwasomea, na tusikubali maneno ya "bahati tu" wala ya mawakala wanaotaka pesa kwanza. Tuulize sheria imeandikwaje, kisha tuchukue kalenda na kalamu. Kwa wale wanaopenda kujipima, haya hapa mazoezi.

1. Mgeni mwenye viza ya kuingia mara nyingi na siku 90 za kukaa ameingia Uholanzi 5 Septemba. Hakuwa Schengen mwaka mzima uliotangulia. Siku yake ya mwisho ni ipi?

2. Viza ina uhalali wa 1 Julai hadi 14 Agosti, na siku 30 za kukaa. Mwenyewe ameingia 20 Julai. Atoke lini?

3. Viza imeandikwa 01. Mgeni amekaa Ujerumani siku 10 kati ya 30, akaenda Ireland kwa viza ya huko. Je, anaweza kurudi Ujerumani kwa viza ileile?

4. Tunga sentensi mbili zinazoonyesha tofauti kati ya "muda wa uhalali" na "siku za kukaa".

Majibu: (1) 3 Desemba: Septemba 26, Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 3. (2) 14 Agosti. Siku zake 30 zingefika 18 Agosti, lakini mlango unafungwa mapema. (3) Hawezi. Ireland iko nje ya Schengen, na mara yake moja imekwisha. (4) Mpelekee mwalimu wako wa Kiswahili asahihishe.